Karatasi ya Transfo na Koti Langu Jipya

Leo aibu imenikuta, na imenikuta nimevaa vizuri.

Nilikuwa na koti jipya la kijivu. Viatu vya kisigino. Nywele nimesuka juzi, kichwa bado kinauma. Yote hayo kwa sababu leo tulikuwa na mgeni kutoka Lubumbashi, Mama Odette, enjenia wa transfo, mtu ambaye hata akikohoa mashefu, wakubwa wetu wa kazi, wanaandika. Nilitaka anikumbuke. (Ndugu zangu, atanikumbuka.)

Kwa wasionijua: naitwa Mado, ni fundi wa transfo, yaani transfoma za umeme, hapa Kolwezi. Tuna transfo moja ya zamani sana, tunaiita Kambo, yaani babu. Inapeleka umeme upande mmoja wa mtaa wa Manika: pampu ya maji, maternité wanakozalia wamama, saluni, nyumba za watu. Wiki hii tuliizima kwa sababu ilikuwa inavuja mafuta. Tumeziba. Swali likabaki moja: tuiwashe tena, au babu wa watu ndiyo amefika mwisho?

Jibu liko tumboni mwake. Ndani ya transfo kuna nyaya za shaba zilizofungwa karatasi, na hiyo karatasi imelowa mafuta. Mafuta yakichoka unayachuja, au unatia mengine. Karatasi haibadilishwi. Joto linaila polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka inakuwa kavu na kuvunjika vunjika, na siku hiyo transfo inakwenda kwa kishindo ambacho mtaa mzima unakisikia. Kwa hiyo ukitaka kujua Kambo amebakiza uhai kiasi gani, unakata kipande kidogo cha karatasi yake, unakichunguza.

Kazi ya kukata nilipewa mimi.

"Mado," shefu wangu, Tata Mwepu, aliniambia asubuhi, "ile karatasi uichunge sawa vile ostia ya mu kanisa. Sasa hivi tunafunga kifuniko, tunarudisha mafuta. Hakuna kufungua tena."

"Ndiyo, shefu."

Nikakata vizuri, na glavu mkononi. Kipande kilipaswa kuingia kwenye chupa ya kioo, lakini chupa niliyoleta ilikuwa na ufa. Basi nikakitia kwenye kifuko cha plastiki, vile vidogo vyeupe vya kuuzia karanga, nikapiga fundo. Nikataka kuandika jina juu yake. Plastiki imepata mafuta, kalamu ya bic haishiki. Nikasema, "Aa, nitakumbuka tu." (Hilo neno limeniponza tangu shule ya msingi.) Nikakiweka mfuko wa kushoto wa koti.

Kisha njaa. Nilitoka nyumbani bila kula kwa sababu ya kugombana na nywele. Getini kuna mama anauza vitumbula, vya moto, vimenyunyiziwa sukari ya vanila, anakufungia kwenye karatasi ya mfuko wa simenti. (Usijifanye huijui hiyo sahani. Sote tumekulia hapo.) Nikala. Nikaongeza. Nikabaki na karatasi mkononi: ya hudhurungi, imelowa mafuta chapachapa.

Nitupe wapi? Uwanja wote umefagiwa kwa ajili ya mgeni, na Tata Mwepu alikuwa ameapa kwamba atakayeangusha hata ganda la karanga watakutana ofisini. Niitie mfukoni hivi hivi? Kwenye koti jipya? Hapana! Nikachukua kifuko kingine cha plastiki, nikaitia humo, nikapiga fundo, nikaiweka mfuko wa kulia. Mwanamke aliyelelewa vizuri.

Kushoto Kambo, kulia vitumbula. Mmeshika? Hongereni. Mimi sikushika.

Kwenye korido nikapita karibu na ndoo ya takataka. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kifuko, nikatupa. Nikajisikia mwepesi, safi, tayari kwa mgeni.

Nilikuwa nimemtupa Kambo.

Chumba cha mkutano kilijaa. Mama Odette alikuwa ameleta kamera ndogo ya kukuza vitu, na picha yake inatokea ukutani. Mashefu wamekaa nyuma. Mbele kabisa alikaa Mama Julienne, mkuu wa wakunga wa maternité, mkoba magotini. Hakualikwa, alikuja mwenyewe, kwa sababu tangu tuzime Kambo wamama wanazalishwa kwa tochi za simu. Aliniangalia kama vile mimi ndiye daktari na yeye ndiye mwenye mgonjwa.

"Nani alikata kipande?" Mama Odette akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Basi weye njo uanze. Utuambie unaona nini."

Hapo ndipo ningepaswa kusema, "Mama, tuanze na sala." Sala ndefu ingeninyima muda wa kusema yale niliyosema.

Nikavaa glavu. Nikafungua fundo. Nikaitandaza karatasi chini ya kamera kwa kibano, na ukutani ikatokea, pana kama shuka la kitanda. Nikakohoa kidogo, vile anavyokohoa Mama Odette.

"Kama munavyoona," nikasema kwa Kiswahili cha redio, "rangi imekuwa nzito sana. Hiyo ni dalili ya uzee. Hapa kuna madoa meusi, ni sehemu zilizoungua. Na hizi chembe nyeupe zinazong'aa ni asidi. Karatasi ikioza, asidi inaganda."

(Msiniulize hiyo nilisoma wapi. Hakuna mahali inaposomwa.)

Tata Mwepu akatikisa kichwa kukubali. Nikapata nguvu. Nikainamisha pua. Sasa, ni kweli kwamba karatasi ya transfo ikichakaa inatoa kitu kinachoitwa furani, na ni kweli harufu yake ina utamu kidogo. Hiyo nimeisoma. Nikavuta pumzi.

"Harufu tamu!" nikapaza sauti. "Tamu kabisa! Mama Odette, furani imejaa humu, sijawahi kuisikia kali hivi!"

Vanila, ndugu zangu. Vanila!

"Unamaliza namna gani?" Mama Odette akauliza, taratibu.

"Kambo amekufa," nikasema. "Tusimwashe tena."

Mama Julienne akageuka kumwangalia Tata Mwepu. "Transfo mupya itafika siku gani?"

"Mama, ni miezi. Labda mingi."

"Basi batoto bangu bataendelea kuzaliwa mu giza?"

Hakupaza sauti. Alilisema chini chini, kama anajiambia mwenyewe. Juzi, akasema, taa ya simu ilizimika katikati ya kazi, na ilibidi amalize kwa kupapasa. Karibu nibadilishe jibu, sitanii. Lakini nikajikaza. Nikamwangalia kwa ule uso wa huruma wa madaktari, nikasema, "Pole, mama. Karatasi haidanganyi."

Mama Odette alikuwa hajaondoa macho ukutani.

"Ongeza ukubwa," akasema. "Sogeza kushoto. Hapo. Sasa igeuze, juu iende chini."

Nikageuza. Ukutani yakatokea maandishi mekundu, yamefifia kwa mafuta lakini yanasomeka.

"Soma, mama Mado."

Tata Mwepu akasoma badala yangu, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza: "C... I... M... E... N... T. Cinquante kilos." Akavua miwani. "Mado. Shiye tuko na transfo ya simenti?"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikajibu.

"Shefu, labda... zamani zile... kiwandani walikosa karatasi nzuri..."

Nilikuwa bado nawasingizia watengenezaji wa watu pale aliposimama ukutani kiumbe mkubwa kama mbuzi. Sisimizi. Alitoka chini ya mkunjo wa karatasi, akasimama, akapunga pembe zake, akabeba moja ya zile asidi zangu, akaanza safari.

Chumba kizima kilimsindikiza kwa macho, kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine.

"Na huyu," Mama Julienne akauliza, "naye anaikalaka mu transfo, ni nyumba yake?"

Nikagusa mfuko wa kushoto. Hakuna kitu. Kulia. Hakuna kitu. Ndipo akili ikafika, imechelewa kama treni ya Mutshatsha.

"Ndoo!" nikapiga kelele. "Ndoo ya takataka!"

Nikatoka mbio. Ndoo iko pale pale kwenye korido, safi, imeoshwa. Tata wa usafi, mzee wetu wa kufagia, ameimwaga mapema, kwa heshima ya mgeni. Nikachungulia dirishani: nyuma ya ofisi, kwenye shimo, moshi unapanda.

Sijui nilishukaje ngazi. Kisigino kimoja kilibaki kwenye udongo, nikaendelea na kimoja, juu, chini, juu, chini, kama mtu anayepanda baiskeli mbovu. Tata wa usafi akaniona ninakuja, akarudi nyuma na reki yake. Nikaruka ndani ya shimo. Maganda ya ndizi, majivu, karatasi za ofisi, mboga za jana. Moto ulikuwa upande mmoja, mimi upande mwingine, tunashindana nani atafika katikati.

"Mado! Koti! Koti!" Hiyo ni sauti ya Tata Mwepu. Nikainua macho. Mkutano wote ulikuwa umehamia madirishani.

Pindo la mkono wa kulia wa koti lilikuwa linafuka moshi. Nikalipiga piga kwa mkono wa kushoto, nikaendelea kuchimbua. Na hapo, chini ya ganda la ndizi, kifuko changu. Plastiki imejikunja pembeni kwa joto, fundo halijafunguka. Nikakiinua juu kwa mikono miwili kama mchezaji aliyefunga goli.

Hakuna aliyepiga makofi. (Mama Julienne alipiga. Peke yake. Namwombea maisha marefu.)

Tukarudi ndani. Mama Odette mwenyewe akafungua fundo, akakagua kama mafuta yamebaki ndani, akaitandaza karatasi. Ukutani ikatokea nyingine kabisa: rangi ya chai nyepesi, nyuzi zake zimepangana. Akaikamata kwa vibano viwili, akaanza kuikunja polepole. Ikivunjika, Kambo kweli amekwisha. Mama Julienne alifumba macho. Mimi nilitaka kufumba, moshi ukanizuia, machozi yalikuwa yanatoka yenyewe.

Karatasi ikakunjika. Akaiachia. Ikanyooka.

"Amezeeka," Mama Odette akasema, "lakini hajakufa. Kipande naenda nacho ku labo, ku maabara ya Lubumbashi, batapima nguvu ya nyuzi vizuri. Mafuta nayo tutapima. Kwa sasa mumuwashe, lakini musimubebeshe mzigo yote, na joto yake muiangalie kila siku." Kisha akanigeukia. "Mama Mado, na weye unasema nini?"

"Mi ninanyamaza, mama."

Hapo ndipo walipocheka. Wote. Tata Mwepu alicheka mpaka akaegemea ukuta, akafunika uso kwa kitambaa, mabega yanaruka. Mama Julienne alikuja akanikumbatia pamoja na majivu yangu. "Mungu akubariki," akaniambia sikioni, "lakini usiniogopeshe vile tena. Moyo yangu nayo ni ya zamani."

Saa ya jioni, baada ya mafuta kutulia, Kambo akawashwa. Akanguruma, akatulia. Kutoka ng'ambo ya ukuta tukasikia Manika ikipiga kelele ile ya umeme kurudi, watoto na wakubwa pamoja. Nilisimama pale na kiatu kimoja mkononi, nikafurahi kweli. Ningeweza kuwanyima watu hao sauti hiyo kwa miezi, kwa ushahidi wa sukari.

Kwenye mlango wa chumba cha mkutano sasa kuna tangazo, mwandiko wa Tata Mwepu: ni marufuku kuingia na chakula cha aina yoyote. Ameipa sheria kichwa cha habari. Inaitwa Sheria ya Mado.

Mume wangu nimemwambia yote, nikitegemea kufarijiwa. Amecheka mpaka amekwenda kumalizia nje, na sasa namsikia anamhadithia jirani. Nyinyi ni marafiki zangu wa kweli. Tafadhali, mumshinde kwa huruma huyu niliyefunga naye ndoa.