Trekta la Marehemu Thaddée

Kigen alikuwa Fort Worth, Texas, akitafuta mtu wa kumtengenezea kitu ambacho hakijaharibika, ndipo akaliona trekta. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Pelagia, dogo, la umeme, kongwe kuliko Kigen mwenyewe, na mama huyo wa Kirundi amekaa juu yake analima matuta ya maharage. Akaona pesa. Houston kulikuwa na Mzungu mmoja, Mark, mwendawazimu wa kununua vikongwe kama hivi.

"Mama, hiyo mota inalia vibaya," akasema, keshavuka uzio. "Ngoja ni-check."

Mota ilikuwa haina kilio chochote. Kigen akainama, akachomoa kaboni, vile vijiwe vyeusi vinavyopeleka umeme ndani ya mota, akavitia mfukoni. Mama akawasha. Kimya.

"Imeungua. Pole sana. Lakini usijali, hii takataka nitakutolea bure."

Mama Pelagia alinyong'onyea. Trekta lile aliachiwa na marehemu mumewe, Thaddée, na bila lile hakuna shamba, maana mgongo wake umekwisha kwa kutandika vitanda vya hoteli.

"Sawa, mwanangu," akasema mwishowe. "Ila kitu cha Thaddée hakitupwi. Nitakupa kama kwetu watu wanavyopeana ng'ombe, mbele ya watu, Jumapili baada ya misa. Na ng'ombe mfu hapewi mtu. Lazima litoke zizini lenyewe."

Kigen, Mkalenjin wa watu, mtoto wa wafugaji, akaona hoja hiyo haina kasoro. Tena trekta linalotembea Mark angelipenda zaidi. Basi wiki ile tapeli wetu akafanya kazi ya halali, Mungu amsamehe: akanunua betri mpya, akasugua shaba ya mota ikang'aa, akatia grisi kwenye beringi, akaweka kaboni mpya.

Jumapili ua ukajaa vitenge. Trekta lilipotoka likivuma taratibu, watu wakapiga makofi. Mama akatoa hotuba. Kigen, ambaye ulimi haujawahi kumnyima kitu, akatoa ndefu zaidi. Mama huyu ni mama yake sasa, na zawadi hii ataitunza mpaka kaburini. Simu zote zilikuwa juu zinarekodi. Kabla wali haujapoa, video ilishafika kwenye magrupu ya WhatsApp ya makanisa ya Wakenya kule Dallas, anakowapata wateja wake wote.

"Ng'ombe wa kupewa hauzwi, hilo unalijua," akasema mzee Claude, kiongozi wa kwaya.

"Najua, mzee." Alijua mno. Hata kwao Eldoret wangemlaani.

"Na zizi unalo?"

Kigen alikuwa na chumba kimoja tu, ghorofa ya tatu, mji wa jirani wa Mansfield.

"Basi litakaa hapa hapa kwangu," akasema Mama Pelagia. "Na aliyepewa humlimia kwanza aliyempa." Akamwinamia na sahani ya maharage, sauti chini. "Nilikuona ukitia mkono mfukoni siku ile. Kula, mwanangu, utahitaji nguvu."

Alikula. Kisha akapanda trekta akalima, kwaya nzima ikimtazama, tuta kwa tuta, mpaka kwenye uzio na kurudi. Mota haikukwama hata mara moja. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: alikuwa ameitengeneza vizuri mno, ingedumu miaka.