Bia Iliyopita Jela

Okidi alipoona baa mbili zinatazamana pale Katwe, moja imefurika watu, nyingine ina nzi na mwenyewe tu, alijua leo ni leo. Aliegesha pikipiki aliyoazima kwa shemeji yake Opoka, sajenti wa polisi mwenye mikono mizito, akaingia kwenye ile ya nzi.

"Mimi ni jaji wa bia," alimwambia mwenye baa, Mama Lamunu, askari magereza mstaafu. "Naonja, nasifia, baa inajaa."

"Karibu, ssebo, bwana wangu. Ya moto au ya baridi?"

"Ya moto. Baridi huficha makosa."

Akafunguliwa kila aina. Kuonja moja kwa moja? La hasha, huo ni ushamba! Alitega sikio kwenye shingo ya chupa, kizibo kikang'olewa, fsss, akafumba macho kama daktari anayepima kifua. Kisha akaimaliza yote. Hii ina adabu ila haina msimamo. Ile ina kiburi, lakini inajuta. Ya mwisho ilipokauka, alidondosha chozi la kweli kabisa.

"Mama, bia yako ina huzuni. Imepitia wapi?"

"Luzira, kiwandani, kama zote."

"Karibu na jela! Imesikia vilio vya wafungwa. Mteja akinywa anakumbuka shida zake, anavuka barabara."

"Mbona ya jirani nayo inapita huko huko?"

"Lori lake hupita likipiga muziki, mama."

Lamunu alishika tama. "Eh! Dawa yake?"

"Nipe kreti zote. Nitazipigia ngoma, nizirudishe zinacheka."

"Njoo kesho mchana. Lakini mwanangu, jela nimeijua mimi. Mfungwa hatoki bila mdhamini, na chupa haitoki baa bila mtu kuacha kitu. Utaniachia pikipiki."

Okidi alijikaza asicheke. Ufunguo wa pili alikuwa nao mfukoni. Angeuza bia, arudi kimyakimya, awashe aondoke.

Kesho yake alikodi gari, akapakia kreti, akaacha pikipiki, huyo mpaka Nakivubo kwa Bénit, mfanyabiashara Mkongo asiyependa maswali.

"Fungua moja mbele yangu," Bénit alisema, kama asemavyo kila mnywaji mwenye akili mji huu.

Okidi alitega sikio kwa mazoea. Kizibo kiling'oka. Kimya. Akafungua nyingine, na nyingine. Kimya kitupu.

Bénit alionja, akatema. "Maji, ndugu yangu. Tena ya bomba!"

Mafundi wa Katwe, wanaotengeneza kila kitu isipokuwa binadamu, walikuwa wameitwa na Lamunu usiku, wakajaza maji kwenye chupa tupu na kuzibana upya zikafanana na za kiwandani.

Okidi alirudi mbio, jasho likimtiririka. Aliikuta pikipiki mlangoni, imefungwa mnyororo na pingu tatu. Ndani palijaa watu waliokwisha kusikia kisa, wanakunywa na kuchekea bia iliyokuwa na huzuni.

"Mama, naomba pikipiki. Nakusihi!"

"Imepitia wapi kuja hapa?" Lamunu aliuliza kwa upole.

"Lu... Luzira."

"Maskini! Imehuzunika. Nikaona nimpigie mwenyewe aje aitulize. Namba yake ameiandika kwenye kiti."

Fsss! Nyuma yake mtu alikuwa amefungua chupa kwa meno. Okidi hakuhitaji kugeuka. Mkono mzito ulimtua begani, na ile chupa ikasogezwa sikioni mwake.

"Shemeji," Opoka alisema, "wewe ndiye jaji. Hii inasemaje?"

Okidi alisikiliza kwa makini. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alitoa hukumu ya kweli.

"Inasema nikimbie."

Na akakimbia.