Chura wa Bwana White

Doudou Kalenga aliingia katika duka la Maman Joëlle kukwepa mvua, si kuiba. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu ni mara chache linaweza kusemwa juu yake. Alisimama kati ya mawigi huku koti likimchuruzika maji, akamsikia mwenye duka akimlalamikia wifi yake, Christiane:

— Bantu ya Lubumbashi beko na chula mu salon ya nyumba! Mu sanduku ya kioo, na taa! Siye, paka mende tu. Minye nataka ile chula banaita rainette de White.

— Iko namna gani?

— Si White? Nyeupe, sawa maziwa.

Masikio ya Doudou yalisimama. Kazi yake halali ilikuwa kubeba abiria kwa pikipiki, na wakati fulani aliwahi kumpeleka Koni, kwenye mto Lufira, Mbelgiji mmoja mpenda vyura ambaye njia nzima hakufunga mdomo. Ndiyo maana Doudou alijua kwamba White ni jina la mzungu fulani wa zamani, na kwamba chura wake anatoka Australia na ni wa kijani. Kuna wanaomwita chura mnene, kuna wanaomwita wa kijani tu, na kuna wanaomchanganya na wa kijani wa Amerika, ambaye si ndugu yake hata kwa ndoa. Alijua pia jambo jingine: kando ya Lufira wapo vyura wa mitini wenye rangi ya gome, ambao jua likiwapiga hugeuka weupe kama chokaa.

Mtu mwaminifu mwenye elimu hiyo angemsahihisha mama wa watu. Doudou alijifuta uso.

— Pardon, Maman. Unatafuta White gani? Ya kweli, ao ile ya Zambia?

— Kumbe iko mbili?

— Mingi! Inafaa muntu wa kukuchagulia.

Maman Joëlle alimtaka chura huyo kabla ya Jumapili. Siku hiyo wanawake wa kikundi cha maombi wangekuja nyumbani kwake, na miongoni mwao Maman Berthe, ambaye alikuwa na samaki wa Dubai na aliwataja hata akitoa ushuhuda kanisani.

Doudou alimleta saa sita mchana, ndani ya chupa aliyoifunga mbele ya pikipiki ili jua lifanye kazi yake. Chura alifika mweupe kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Maman Joëlle alipiga makofi, bahasha nene ikabadilisha mfuko, na Doudou akaondoka akiimba.

Lakini sebule ya Maman Joëlle ilikuwa na mapazia mazito kama magodoro. Chai ilikuwa haijachemka, simu ya Doudou ikalia.

— Doudou! White yako imekuwa kahawia sawa kiazi!

— Maman, ile ni mume. Amekosa bibi, anavaa deuil, nguo ya matanga.

Akamuuzia bibi. Bibi naye akawa kahawia.

— Hapo ni heshima. Bibi anafuata rangi ya bwana. Sasa inakosa mwenye kubaamuru, ile banaita White royale.

Akamuuzia na royale, aliyetoka tawi moja na wenzake, na pengine mama mmoja.

Jumapili wanawake walikuja. Maman Berthe, ambaye macho yake yalikuwa makali kwa kasoro za watu, alilikodolea sanduku macho, akauliza kama ni wanyama au mboga. Akaamuru pazia lifunguliwe. Jua likamwagika juu ya kioo, na mbele ya kikundi kizima vyura wakaanza kupauka, mmoja baada ya mwingine, mpaka mume, bibi na mwenye kuamuru wakawa weupe namna moja.

— Alléluia! walilia wanawake. Maman Berthe alisahau kuwataja samaki wake, jambo la nadra kuliko chura yeyote.

Maman Joëlle alipokea pongezi akitabasamu. Moyoni, hata hivyo, alikuwa ameelewa yote. Hakupiga kelele. Mtu aliyetajirika kwa kuuza nywele za Brazili ambazo hazijawahi kuiona Brazili anajua vizuri jina linaweza kufanya nini. Wageni walipotoka, alimpigia simu kaka yake mjini Kambove.

Kesho yake, bwana mmoja mwenye miwani na kofia alimsimamisha Doudou karibu na soko. Alijitambulisha: Profesa Adolphe, mnunuzi wa wanyama wa nadra. Akatoa simu, akaonyesha picha ya chura wa kahawia.

— Natafuta hii, rainette-écorce. Chula ya maganda. Bateja yangu ya Afrika Kusini banaililia.

Doudou alitazama picha. Alimfahamu mnyama yule kuliko binamu zake.

— Nyeupe hautaki?

— Nyeupe haina kazi. Tena ya pori sitaki, inakufaka mu njia. Nataka ile imezoea nyumba. Ukiipata, niko kwa guest house, karibu na gare ya treni.

Akamwachia noti ya dola mpya, isiyo na hata mkunjo, kama kianzio. Doudou hakuwahi kupewa kianzio na mtu yeyote. Mara zote yeye ndiye aliyekuwa akikitoa.

Alipofika dukani alikuwa ameshavaa uso wa mazishi.

— Maman, nimekosa usingizi. Wale chula beko bagonjwa. Rudisha, nikupe feza yako yote. Niko muntu wa Mungu.

— Tangu lini?

— Tangu asubuhi.

Maman Joëlle alipangusa wigi moja taratibu.

— Nimebazoea, Doudou. Ile mukubwa nilimupa jina ya bwana yangu. Banafanana.

Doudou aliongeza simu yake juu ya bahasha. Mama akatikisa kichwa. Akaongeza saa ya mkononi. Mama akasema saa inamkumbusha kifo. Kisha akachungulia nje, ambako pikipiki nyekundu ya Doudou iling'aa kando ya mfereji.

— Ile moto.

Doudou aliigeukia. Pikipiki ile ilimlisha, ilimvisha, na ndiyo iliyofanya wasichana wamwite patron. Lakini aliwafikiria wateja wa Afrika Kusini wanaolia, na kilio chao kikamwingia. Alitoa ufunguo kama mtu anayeng'olewa jino.

— Na bahasha, Maman Joëlle alimkumbusha.

Aliwachukua vyura sebuleni kwa mama, akaenda kwa miguu hadi guest house akiwa na ndoo iliyofunikwa kitambaa. Msichana wa mapokezi, Fidélie, alisikiliza, akatazama ndoo, akasogea nyuma.

— Profesa gani? Hapa iko paka bachauffeur ya malori tu.

Doudou alisubiri nje hadi kitambaa kikakauka, akakilowesha, kikakauka tena. Hatimaye pikipiki nyekundu ilipita mbele yake. Aliyeiendesha alikuwa Profesa Adolphe, bila miwani, na nyuma yake ameketi Christiane, yule wifi wa Maman Joëlle, akishika kofia ya profesa isiruke. Profesa alipiga honi kwa adabu.

Doudou alifika dukani akihema.

— Maman! Ule muntu…

— Adolphe? Ni kaka yangu. Anaongozaka chorale ya kanisa kule Kambove. Sauti muzuri sana.

— Aliniomba chula ya maganda!

— Njo anaitafuta hata leo, masikini. Lakini yako si ni ya White? Weye mwenyewe ulinifundisha. Nunua wigi ao ondoka, bateja banangoja.

Kwenda polisi hakuwezekana. Angeanzia wapi? Kila njia ya kueleza alivyoibiwa ilipita kwenye wizi wake mwenyewe. Alirudi nyumbani, akaiweka ndoo uani, akalala na viatu. Hakuwa na hasira hata kidogo na Maman Joëlle, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ujanja wake ulikuwa umempendeza.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi iliyofuata alikuta ndoo tupu. Vyura walikuwa wamepanda kwenye tawi juu ya karai lake la maji, na hapo walikuwa wamekorogea kitu kama povu la sabuni, kubwa kuliko kichwa cha mtu, jeupe, laini, linaloning'inia. Jirani yake Rosalie, msusi, alikuwa ameshasimama chini yake na kikombe mkononi.

— Doudou, hii ni nini?

Alikuwa amechoka mno kutunga jambo.

— Ni mayai ya chula.

Rosalie alicheka hadi akajishika kiuno.

— Mayai! Mu tawi! Ni mousse ya nywele, hautaki tuijue.

Akachota kikombe kizima, akajipaka kidogo kwenye nywele za mbele kuonja ubora wake, akashika njia ya sokoni kwenye kibanda chake.

— Rosalie! Doudou alimpigia kelele. Rosalie, haki ya Mungu, ni mayai!

— Ni sawa, papa! alijibu Rosalie bila kugeuka. Bateja nitabaambia ni ya Brazili!