Viatu vya Ndia Kuu

Hussam aliingia Amu, yaani Lamu, akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Alitoka Malindi bila kuwaaga watu wa Malindi, na sababu yake watu wa Malindi wanaijua. Mkononi alikuwa na mkoba mdogo ambao hakuuachia mtu yeyote, hata mchukuzi wa gatini aliyejitolea kuubeba bure.

Alipanda ndia kuu, njia kubwa ya mji, taratibu, macho yakipita mlango kwa mlango. Pale inapopinda, upande wa kusini, milango ilikuwa imefungwa. Hapo zamani paliuzwa doti za leso, sufuria, viatu vya Idi na asali ya bara. Sasa duka la nguo lilikuwa na paka kwenye ngazi yake, amelala kama mtu aliyelipa kodi ya mwaka mzima. Kibao cha muuza viatu kilibaki na picha ya kiatu kimoja, tena cha mguu wa kushoto. Aliyebaki wazi ni kinyozi, na mteja wake alikuwa ni kinyozi mwenyewe, ananyoa kidevu chake mbele ya kioo.

Mtu mwingine angeona msiba, akasoma dua, akapita. Hussam aliona nafasi.

Juu ya maduka matatu yaliyofuatana palikuwa na nyumba ya Bi Shifaa, mjane. Alikuwa ameketi dakani, kwenye viti vya mawe vya mlangoni, ungo wa mchele mapajani, anachagua vijiwe kimoja kimoja.

"Shikamoo, mama. Milango hii imefungwa tangu lini?"

"Marahaba. Tangu watu walipojua kununua kwa kidole," alisema Bi Shifaa. "Mtu yuko kitandani, anabonyeza simu, kiatu kinatoka Mombasa kwa basi. Kikimbana, anakivaa hivyo hivyo, maana ataona haya kusema amedanganywa na picha. Ndoo uketi."

Hussam aliketi. Kabla kahawa haijapoa alikwisha kujua yote. Maduka yale matatu aliyaacha marehemu mumewe. Mwanawe, Amjad, anakaa Mombasa, na ameapa kwamba Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, ukiingia na milango bado imefungwa, atauza nyumba amtukue mamake akae naye ghorofa ya tano.

"Huko kuna lifti," alisema Bi Shifaa. "Mwenyewe kaniambia ni mbovu. Mwanangu ni mkweli. Lakini mimi nimezaliwa nyumba hii, na natamani nitolewe humu nikiwa nimelala."

"Hutatoka, mama," alisema Hussam, mkono kifuani. "Mimi nimekuja kufufua mtaa. Nina wafadhili."

Wafadhili hao walikuwa wawili: ulimi wake wa juu na ulimi wake wa chini, ikiwa mtu aweza kuwa na ndimi mbili, na yeye aliweza. Alikodi maduka kwa kodi ndogo, mwezi kwa mwezi, Fatiha ikasomwa, mambo yakaisha.

Samaki aliyemlenga alikuwa Bwana Uthman, muuza saruji na mabati wa kule pwani ya mji. Uthman ni mtu ambaye akiona kivuli cha mwenzake hukikanyaga, asije akaacha kitu ndani. Hussam alitaka amuuzie haki ya kukaa kwenye maduka yale, achukue kilemba, ile fedha nono ya kuachiwa mlango, kisha apotee. Lakini kilemba hakitolewi kwa mtaa wa paka. Palihitajika watu.

Basi akaajiri wanawake. Bi Barka, mpika vitumbua, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Wakafuata Huwaida na Lubna, ndugu wawili ambao kucheka kwao kulisikika mpaka msikitini, na wenzao wachache. Kazi yenyewe nyepesi: vaa buibui, funga ninja usoni, chukua kikapu kilichojazwa makumbi ya nazi na leso juu yake, pita ndia kuu, zunguka kwa kichochoro cha nyuma, pita tena.

Lakini Amu haidanganyiki kwa nguo nyeusi. Hapa mwanamke akijifunika uso wote, hujulikana kwa miguu yake na kwa udi wake. Mtoto mdogo akiona makubadhi yenye ua jekundu atakwambia yule ni shangazi, na kipofu wa mlangoni kwa msikiti huvuta pumzi akasalimu kwa jina. Hussam, ambaye mamake ni wa Faza, kisiwani Pate, alilijua hilo vizuri. Akarundika viatu vya kila namna dakani kwa Bi Shifaa, na ndani ukumbini akapanga vyetezo vitatu, kila kimoja na udi wake. Kila mzunguko, mwanamke anabadili viatu, anasimama juu ya chetezo kingine moshi umwingie, anatoka mtu mpya.

"Bwana Hussam," alisema Lubna, "hiki kiatu ni cha kushoto, na hiki nacho ni cha kushoto."

"Chechemea kidogo. Hata wanaochechemea hununua vitu."

"Na makumbi haya yananiwasha."

"Hiyo ni alama ya mteja mwenye haraka, dada yangu. Twende."

Bwana Uthman alikuja kunywa kahawa kwa kinyozi, akaona wanawake wanapita, wanapita, hawaishi. Akahamisha kigoda karibu na ndia.

"Kuna nini huku?"

"Hakuna kitu, Bwana Uthman," alisema Hussam. "Watu tu."

"Wananunua nini?"

"Bado hawajapata cha kununua. Wanatafuta. Ndiyo sababu wanarudi."

Uthman alimeza kahawa ikiwa moto bado. Jioni hiyo hiyo wakakubaliana: atakwenda Mombasa kutoa fedha, Jumamosi asubuhi ataleta kilemba.

Bi Shifaa alikuwa dirishani, juu kidogo ya vichwa vyao. Hussam alipoingia kukusanya viatu, Bi Shifaa akamuuliza kwa upole, "Huyo Bwana Uthman atauza nini madukani mwangu?"

"Hatauza, mama. Ataweka stoo ya saruji. Lakini ni maendeleo vilevile."

"Na milango?"

"Itafungwa. Saruji haipendi unyevu."

Bi Shifaa aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakiweka kando.

Ijumaa Hussam aliswali chumbani mwake. Si kwa uvivu, Mungu amsamehe. Alikuwa ameona mlangoni kwa msikiti muuza vitambaa mmoja wa Malindi, mtu mwenye kumbukumbu nzuri. Angalikwenda, angalisikia kilichotangazwa baada ya sala. Hakwenda.

Jumamosi asubuhi, Bi Barka akamletea habari: yeye na wenzake leo hawapiti, wana shughuli. Uthman anakuja na fedha, na ndia haina hata mtu mmoja. Hussam akakimbia mpaka mapindo ya ndia, na hapo akasimama.

Ndia ilikuwa imejaa.

Wanawake wa buibui, makundi kwa makundi, walisukumana, wakacheka, wakagonga milango yake iliyofungwa. Akatazama miguu. Viatu hivyo hakuvijua, hakuna hata kimoja cha kutoka kwenye rundo lake. Akavuta pumzi. Udi haukuwa wa vyetezo vyake. Akatega sikio, akasikia lafudhi ya Pate, ile ya mamake.

"Duka la viatu liko wapi mui huu?" mmoja alimuuliza. "Nti nzima hii, viatu hamna?"

Hussam alikuwa amepima kama anavyopima mtu wa Amu, kwa miguu, kwa pua na kwa sikio, na vyote vitatu vilimwambia jambo moja: hawa ni wateja wa kweli. Uongo wake ulikuwa umeota mizizi. Na yeye anataka kuuuza kwa mfuko wa saruji.

Uthman akafika, bado na vumbi la safari, mkoba kwapani. Hata salamu haikukamilika.

"Hapauzwi," alisema Hussam.

"Juzi palikuwa panauzwa."

"Juzi nilikuwa mjinga, bwana."

Uthman alimtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa, akaondoka. Hussam akapanda ngazi za Bi Shifaa mbili mbili. Hataki tena kukodi kwa mwezi. Anataka maduka kwa miaka kumi, na kilemba atalipa yeye.

"Kuna mtu keshaniuliza," alisema Bi Shifaa, ungo mapajani.

"Nani?"

"Mtu. Ana ndevu."

"Mama, mimi ni mwanao. Wale watu chini nimewaleta mimi."

"Kweli umewaleta wewe?" Bi Shifaa alichagua vijiwe viwili vitatu, kisha akasema pengine mwenye ndevu atamwia radhi. Hussam akafungua ule mkoba mdogo, ambamo Malindi yote ilikuwa imelala imekunjwa, akaumimina ungoni, juu ya mchele. Mashahidi wakaitwa, Fatiha ikasomwa ya pili, na hii ilikuwa ndefu zaidi.

Jumatatu alfajiri alifungua milango yote mitatu, akapiga maji ngazi, akaketi. Jua likapanda. Akapita punda na mzigo wa mchanga. Akapita punda yule yule, hana mzigo. Paka akarudi, akakuta ngazi imelowa, akamtazama Hussam kwa lawama.

Bi Barka alipita na bakuli la vitumbua, ninja imeinuliwa, viatu vyake mwenyewe miguuni.

"Watu wako wapi?" aliuliza Hussam.

"Watu gani?"

"Wa Jumamosi."

"Aah, wale. Wameshavuka, wamerudi Kizingitini na Faza. Walikuya harusini. Ameolewa Hadil, mtoto wa ndugu yake Bi Shifaa. Nikaha si ilitangazwa msikitini Ijumaa? Bi Shifaa aliwaambia kabla ya shughuli wapite ndia kuu, wakaulize viatu."

Hussam alikimbia mpaka kwa Uthman. Akamkuta anapanga misumari.

"Nimebadili nia," alisema. "Nakuuzia."

"Mimi Jumamosi mchana nilikuwa kwenye hiyo harusi," alisema Uthman bila kuinua kichwa. "Nimekula biriani pamoja na waume wa wateja wako. Chukua kigoda upumzike, umetoka jasho."

Alirudi kwa Bi Shifaa na kanzu iliyokwisha kupoteza pasi yake.

"Mama, umenitapeli."

"Mimi?" Bi Shifaa alisogeza ungo. "Mimi niliwaambia watu wapite ndia. Ndia ni ya watu. Wao hawakubadili kiatu hata kimoja. Wewe ulivyopitisha wako, walibadili vingapi?"

Hussam akalitazama rundo la viatu dakani.

"Nirudishie hata nusu, niondoke."

"Zimeingia ukutani, mwanangu. Fundi wa chokaa yuko yuu ya paa. Amjad kaniuliza kwa simu, nimemwambia milango imefunguliwa na mwenye duka ni kijana mwenye adabu." Akamjazia kahawa. "Sasa sikiliza. Wale wanawake hawakuigiza kila kitu. Kuuliza viatu niliwaambia mimi. Kukasirika walipokosa, hilo lilikuwa lao. Kila harusi wanavuka maji na miguu imebanwa na picha ya simu. Wewe una rundo zima dakani kwangu linanizuia kupita. Anza na hilo."

Alianza na hilo, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuanza nacho. Lubna alikuwa wa kwanza, akadai kupunguziwa bei kwa sababu aliwahi kuchechemea kwa ajili ya duka. Walipovuka wa Kizingitini kwa harusi nyingine, wakajaribu, wakakubali, wakaagiza vya ndugu zao. Huwaida akachukua mlango wa pili akauza udi. Wa tatu ukawa wa Bi Barka, na watu waliokuja kujaribu viatu wakakaa kula vitumbua. Kinyozi akapata kidevu kisichokuwa chake. Mfungo Mosi uliingia, Amjad akaja kumchukua mamake, akarudi Mombasa na jozi mbili za makubadhi.

Lakini lipo tatizo, na waume wa Amu wamelipeleka mpaka kwa imamu. Kwa kuwa sasa viatu vya mji mzima vinatoka mlango mmoja na udi wa mji mzima unatoka mlango wa pili, mtu hajui tena nani ni nani. Kipofu wa msikitini amesalimu kwa majina yasiyo yao mara nyingi mpaka ameacha majina.

Hussam mwenyewe huketi mlangoni alasiri, anatazama miguu ikipita. Juzi alipita mwanamke wa makubadhi ya kahawia, polepole, na kikapu. Baadaye akapita mwingine wa viatu vyeusi, polepole vilevile. Wa tatu, mwenye ndara za bluu, aliposhika nguzo kupumua, kikapu kikainama na kumbi moja la nazi likaanguka likabingirika mpaka miguuni pa Hussam.

Aliliokota, akalifuta vumbi, akatupa jicho dakani ambako ungo wa mchele ulikuwa peke yake, akalirudisha kikapuni chini ya leso.

"Karibu tena, mama," alisema, na mbele ya mapindo tayari wapita njia wawili walikuwa wamesimama kuangalia ni kitu gani kinauzwa huku hata watu wamejaa hivi.