Panya Hatakanyaga Humu

Jumatatu, 3 Juni
Panya wamemmalizia dada gunia mbili za mahindi! Mjane, watoto watano, na gunia saba zilizobaki ndizo chakula chao mpaka mavuno yajayo. Nikamwambia afute machozi, kaka yupo. Nimemchorea stoo ya matofali. Sakafu ya zege, mlango wa bati, tundu hata moja hakuna. Akili kama zangu haziuzwi dukani.

Jumatano, 5 Juni
Fundi mwashi kaanza ujuaji. Ati mahindi hayajakauka vizuri, ati tuache matundu ya hewa juu na kuyawekea wavu. Nikamuuliza tangu lini mahindi yakapumua. Akacheka, mshenzi yule! Akasema ameshajenga stoo ishirini. Nikamwambia hii ni ya ishirini na moja, na mchoro ni wangu.

Jumapili, 16 Juni
Tumefunga! Gunia moja jikoni, sita ndani. Nyufa za mlango nimezijaza lami kwa mkono wangu. Dada aliomba tuwe tunafungua mara moja moja achungulie. Nikamkatalia katakata: panya wanangoja nafasi hiyo hiyo. Nimeizunguka stoo mara tatu, nacheka peke yangu.

Jumamosi, 6 Julai
Gunia la jikoni limekwisha, tukabandua mlango. Harufu! Dada akarudi nyuma, mtandio puani. Mahindi yote kijani kwa ukungu, yameshikana mabonge. Tumeyafukia yasije yakaua mtu. Dada hakunigombeza. Aliketi chini tu, akaanza kupanga kwa sauti mtoto yupi aende kwa ndugu gani. Wa mwisho akauliza atarudi lini. Nilishindwa kumtazama. Roho iliniuma, naapa. Lakini ukweli lazima uandikwe: nimekagua kila pembe, mavi ya panya hakuna. Hata chembe!

Jumatatu, 8 Julai
Watoto watatu wameondoka asubuhi. Kitindamimba alilia mpaka sauti ikamkauka. Fundi alikuja kumpa dada pole, mimi akanipita kama mti. Wivu huo.

Mchana kaja mama mkwe kutoka kwake mbali, habari za stoo hana. Kicheche anammalizia vifaranga. Wamebaki thelathini, anataka nimjengee tundu la kuku, imara. Mke wangu akaanza kumsimulia, nikamkatiza upesi. Mchoro tayari uko mezani. Zege pande zote, na juu pia. Tundu lisilo na tundu.