Kipande Kimoja, Kazi Thelathini

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimempiga shemeji bao la mwaka! Sinthesaiza yangu ni kasha la vipande, kila kipande na kazi yake moja: hiki upepo, hiki mvua, kile radi, kile mwangwi. Unaviunganisha kwa waya, unazungusha vitufe, sauti inatoka. Tatizo ni uzito. Kila nikilibeba kasha kwenda kwenye mazoezi ya maigizo, mgongo unalia kabla ya spika.

Sasa shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa na kipande kimoja cha kidijitali kinachofanya kazi thelathini. Thelathini! Amekitupa kwenye droo tangu mwaka jana. Nikampa vyangu vyote, akanipa hicho. Akaondoka na kasha langu huku akipiga mluzi. Masikini wa Mungu.

Mke wangu akauliza kama nina hakika ni nani kapigwa bao. Akasema tangu utotoni kaka yake hajawahi kushindwa hata karata. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshinda na kipande changu kipya. Kina vitufe viwili. Ukibonyeza kidogo, kinafanya hili. Ukibonyeza kwa muda, lile. Ukibonyeza vyote pamoja, kinasahau ulichokifundisha asubuhi. Kioo chake ukubwa wa kucha. Nikamwomba mama mkwe, kwa adabu zote, aniazime miwani yake. Akanipa, akakaa pembeni kipofu kabisa, akiuliza kila mara kama nimeshaona.

Nikitafuta mvua nikapata chura. Nikitafuta radi nikapata kengele ya shule. Saa kumi jioni radi ikapatikana! Nikapiga kelele ya furaha, kidole kikateleza. Chura.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi. Kundi letu la maigizo linafungua mchezo mpya Ijumaa. Mimi ni mtu wa sauti, shemeji mtu wa taa, na nafasi yangu ameimezea mate siku nyingi. Nikaingia na kipande mfukoni, mikono mitupu, natembea kama meneja. Nikawahutubia kwamba kipande kimoja kazi moja ni mambo ya kale. Mwongozaji, mama asiyecheka mpaka mchezo uishe, akasema tuanze.

Tukafika msibani. Mjane analia kando ya jeneza, mvua inanyesha. Mvua safi! Halafu radi. Nikabonyeza. Radi ikapiga, mvua ikakatika papo hapo. Kumbe kazi thelathini ni kweli, lakini moja moja! Mwongozaji akauliza nani kafunga bomba. Nikabonyeza tena: mvua ikarudi, radi ikafia njiani.

Shemeji akainama kutoka kwenye jukwaa la taa, sauti ya upole kabisa.

“Shemeji, ile mvua yako ipo kwangu. Bado inanyesha vizuri tu.”

Nikazidi kubonyeza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa! Kipande kitapiga radi tu. Mvua ataipiga mama mkwe, nyuma ya pazia, kwa ungo na maharage makavu. Nilidhani atakataa. Kumbe alikuwa anasubiri kuombwa kitu maishani. Sharti lake moja: aitwe Fundi Mvua. Amefanya mazoezi jikoni tangu adhuhuri. Manyunyu, rasharasha, mvua ya mawe. Majirani wameanua nguo.

Mke wangu akasema ningemwomba tu kaka yake anirudishie vipande vyangu. Nikamwambia mwanamume harudi nyuma. Akaniuliza mwanamume huwa anaelekea wapi sasa. Nilikuwa na kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Ukumbi umejaa. Watu wamesimama mpaka mlangoni. Fundi Mvua akaanza, na wallahi, mwanamke wa mstari wa mbele akavuta mtandio kichwani. Mjane akasimama, akamlaani muuaji wa mumewe. Hapo radi ipige, muuaji aanguke, aungame. Nikabonyeza.

Muziki wa disko.

Mdundo mzito, na makofi ndani yake! Nikabonyeza kwa muda: ukaongezeka kasi. Muuaji, aliyefundishwa kuanguka akisikia sauti, akaanguka hivyo hivyo, kwa mdundo. Marehemu akashikwa na kicheko, jeneza likaanza kutikisika. Ukumbi mzima ukapasuka. Mjane akaniangalia nyuma ya pazia, machozi ya kweli sasa. Miezi yote ile ya kujifunza kulia! Nikang’oa waya. Kimya.

Ndipo radi ikapiga. Kubwa, nzito, inayoanzia mbali na kumalizikia tumboni. Ukumbi ukanyamaza kama umemwagiwa maji. Muuaji akaungama akitetemeka. Shemeji alikuwa na kipande changu cha zamani cha radi kule juu, kando ya taa zake. Kitufe kimoja tu.

Radi ile naijua. Niliitengeneza mwenyewe, nikiigeuzageuza mpaka inisisimue mwili. Nilisimama gizani na waya mkononi, ikanisisimua tena.

Jumamosi, 8 Machi
Mwongozaji kaamua. Taa na radi: shemeji. Mvua: mama mkwe, na jina lake litabandikwa mlangoni. Mimi: kamba ya pazia. Akanieleza taratibu kwamba ukivuta, linafunguka. Nimemaliza onyesho la pili bila kosa. Hakuna aliyenipongeza ila mke wangu, aliyesema pazia lilifunguka kwa hisia. Alikuwa anamaanisha. Nikaenda chooni nikanawa uso.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaja asubuhi na kipande cha radi mkononi. Akasema tangu Ijumaa roho inamsuta. Hataki chochote.

“Chukua radi yako, shemeji. Wewe ndiye uliyeizaa.”

Nikamkumbatia. Nikamwita ndugu yangu, mbele ya mama yake. Akaahidi kumwomba mwongozaji anirudishe kwenye sauti. Nimeiwasha sebuleni, tumekaa wote tukiisikiliza. Sijawahi kuwa na furaha hivi.

Jioni kapita mpiga gitaa wa mtaa wa pili. Naye anauza kipande cha kidijitali, ila chake ni toleo jipya. Kazi sitini na nne! Na zinafanya kazi mbili mbili! Kasoro yake ndogo, haijulikani ni zipi mbili. Hakutaka kitu kingine ila radi.

Nimemfungia radi yangu kwenye gazeti, nikamsindikiza mpaka kona kabla hajabadili mawazo.