Pikipiki ya Profesa Mativo

Redio ilipotangaza kwamba chuo kikuu kimefungwa kwa sababu ya kipindupindu, Dandora nzima ilikimbilia kuchemsha maji. Mativo alikimbilia kuazima joho la kwaya.

"Chuo hakijafungwa, mzee wangu," alimwambia Hashi, akiwa amelivaa kama profesa. Hashi alikuwa mwenye duka la jumla, baba yake Qorane, kijana aliyeanguka mtihani wa kidato cha nne mara mbili bila haya. "Kimehamia mitaani. Kukusanyika ni marufuku, basi masomo yanaletwa nyumba kwa nyumba. Na kwa vile ni dharura, vyeti vya zamani haviulizwi."

Macho ya Hashi yaling'aa. "Nitajuaje wewe ni profesa kweli?"

"Mzee! Nimelala bweni moja na wagonjwa wiki nzima, nasahihisha karatasi huku wao wako kwenye ndoo!"

Hashi alirudi nyuma hatua mbili, lakini akaamini. Ukweli ni kwamba Mativo hakuwahi kupita geti la chuo kikuu, hata kwa kupotea njia.

"Shida ni moja tu. Nyumba ni nyingi, na miguu ya profesa ni miwili. Tungepata kapikipiki..."

Pikipiki ikanunuliwa, nyekundu, bado ina karatasi kwenye kiti. Mativo alishajiona juu yake, anatoroka nayo, anapita Machakos bila kugeuza shingo. Ilibaki ufunguo tu.

Ila Hashi si mtu wa kutoa kitu kikubwa kimyakimya. Jumamosi akapanga viti mbele ya duka, akaita wazazi wenzake, na mgeni wa heshima akawa Bi Nzilani, afisa wa afya.

"Huyu ndiye shujaa wetu!" Hashi akatangaza, ufunguo mkononi. "Amelala bweni moja na wagonjwa!"

Bi Nzilani, aliyekuwa amenyoosha mkono kusalimu, akaurudisha mfukoni. "Bweni lipi?"

"Lile... kubwa."

"Wote waliotoka humo tunawatafuta. Ni siku kumi za karantini kwenye mahema. Kama hukuwemo, sema sasa hivi."

Wazazi wote walimtazama. Safu ya mbele alikaa Matheka, muuza nyama, ambaye mwanawe naye alishaandikishwa masomo ya Mativo, na mikono yake ilikuwa mikubwa kupita mahitaji.

"Nilikuwemo," Mativo akasema. "Kitanda cha juu."

Hashi akautia ufunguo mfukoni taratibu. "Ugua pole, profesa. Pikipiki itabeba sukari mpaka utoke."

Kwenye hema Mativo alikuta wanafunzi kumi na wawili, mzee mmoja wa miwani, na ubao mweusi uliofungwa kamba kwenye mlingoti. Kumbe kweli chuo hakijafungwa.

"Karibu, mwenzetu! Bi Nzilani ametueleza," mzee akamkabidhi chaki. "Mimi ni wa hesabu. Wewe je?"

Mativo aliutazama mlango. Askari alikuwa amekaa hapo, anakunywa chai.

"Uchumi," akanong'ona.

"Safi sana! Saa tatu ni kipindi chako. Siku zote kumi."